Nyasi, Kunde na Mifupa ya Shabani

Harufu ilinipokea kabla macho hayajaona kitu. Tulikuwa Milola kwa arobaini ya Bibi. Asubuhi baada ya hitma, wageni walipokwisha kuondoka na sufuria za kuazima zikawa zinarudi kwa wenyewe moja moja, mdogo wangu Shabani alisema twende tukalitazame banda la nyuma kabla hatujaamua kulibomoa. Mlango wake wa mianzi ulikuwa umelala upande mmoja. Shabani aliunyanyua kwa bega, ukasogea, na pua yangu ikawa imeshafika utotoni: majani ya kunde yaliyokaushwa kivulini. Si harufu ya majani mabichi, wala ya majani yaliyooza. Inakaa katikati ya chai kavu ndani ya kopo na kanga iliyoanikwa juani mchana kutwa.

Miaka mingi hapakuwa na mnyama humo. Bibi aliacha kufuga magoti yalipomkatalia. Lakini juu ya kichanja bado lilikuwepo tita moja la nyasi, limebadilika rangi likawa kama nywele za mzee, na chini yake mabaki ya kunde, vijiti vitupu na vumbi la majani. Nilichota vumbi lile nikalinusa kiganjani. Shabani alinitazama kwa jinsi watu wanavyowatazama wanaoandika vitabu, kwa huruma kidogo, akaendelea kugonga boriti kwa ngumi kuona ipi imeliwa na mchwa.

Yeye hana kumbukumbu ya banda lile. Anazo hadithi tu, nyingi nimempa mimi, na nyingine nilimpa vibaya, kama nilivyokuja kujua asubuhi ile ile.

Nilikuwa katika umri wa mapengo, ule ambao meno ya mbele yameondoka na ya kudumu hayana haraka. Shabani alikuwa na meno mengi kuliko mimi. Alijua kusema maji, sitaki, na jina la paka wa jirani, lakini hakuwa anasimama. Hata kutambaa alitambaa kwa shingo upande, akifika nusu ya mkeka anaghairi. Watoto waliozaliwa naye msimu mmoja walikuwa wanakimbiza kuku. Yeye alikaa. Ukimweka uani asubuhi, ukirudi unamkuta hapo hapo, mnene, mtulivu, anaitazama dunia kama mstaafu anayetazama mvua.

Mimi sikuona tatizo, kwa sababu nilikuwa na mgongo. Nilimfunga kwa kanga ya Mama nikaenda naye kisimani, nikaenda naye kwa jirani kuomba moto, nikacheza naye kombolela, na kwenye kombolela tulikuwa tunaonekana haraka kwa sababu alikuwa anacheka. Akinyoosha kidole kwenye papai, ninampelekea papai. Akimtazama paka, ninamfuata paka. Nilikuwa miguu yake na nilijivunia kazi hiyo kuliko kitu kingine chochote nilichokuwa nacho.

Wakubwa ndio waliokuwa na tatizo. Bi Esha, jirani yetu, ambaye yeye na Bibi walitaniana tangu usichana wao, hakupita uani kwetu bila kumuuliza Bibi.

"Somoe, mumeo leo kasimama?"

Bibi alimwita Shabani mume wangu, na mimi aliniita mke mwenzangu, kama bibi wengi wanavyowaita wajukuu. Alijibu bila kuinua macho kwenye ungo.

"Mume wangu hasimami kwa kila mtu."

"Basi umeolewa na gunia la mbaazi."

"Gunia la mbaazi lina faida. Wako ana miguu miwili na hujawahi kumwona shambani."

Walicheka, na Bi Esha akaenda zake. Lakini niliona kwamba baada ya kicheko Bibi aliyaacha macho juu ya Shabani muda mrefu kuliko utani ulivyohitaji, na Mama, aliyekuwa anatwanga, hakuwa amecheka kabisa. Alikuwa ameshawahi kumzika mtoto mmoja aliyezaliwa kati yangu na Shabani. Jambo hilo halikuzungumzwa nyumbani kwetu, ila lilikuwa na mahali pake, kama kiti ambacho hakikaliwi.

Siku moja wakampeleka kliniki Lindi. Mimi niliachwa kwa Bi Esha. Walirudi jua limeanza kupoa, na nilikimbia kupokea dawa, kwa kuwa nilijua anayetoka Lindi kwa nesi anakuja na chupa ya dawa, au walau bandeji. Hawakuja na kitu.

"Amesema nini?" niliuliza.

"Amesema hana ugonjwa," Mama alijibu, na sauti yake ilikuwa nyepesi na nzito kwa wakati mmoja.

Bibi alinitazama, akaitazama kanga iliyokuwa begani mwangu tayari kumpokea mtoto, akaingia ndani kuvua baibui.

Haukupita muda mrefu akaja kondoo. Aliletwa na Mjomba Hassani, mwana wa Bibi, aliyekuwa mvuvi Lindi mjini. Alimpakia kwenye pikipiki ndani ya gunia, kichwa nje, na kondoo aliingia kijijini akiangalia huku na huku kama abiria aliyelipa nauli. Alikuwa dume mchanga, wa rangi ya udongo, mwembamba, mkia wake wa mafuta ukiwa bado mfuko mtupu. Pamoja naye Mjomba alileta kipande cha wavu uliokuwa umechoka na bahari. Bibi ndiye aliyemwagiza.

Ilikuwa akika ya Shabani, kuchinja kwa kushukuru kuzaliwa kwake. Alipozaliwa hali haikuruhusu, ikasogezwa, ikasogezwa tena, na sasa Bibi alikuwa amesema basi. Wenye uwezo huchinja wawili kwa mtoto wa kiume. Sisi tulikuwa na mmoja, na mwalimu wa madrasa alisema mmoja anatosha. Kondoo hakupewa jina, Bibi alikataza kumpa jina mnyama wa akika, kwa hiyo tulimwita kondoo wa Shabani tu. Ilibidi anenepe kwanza, kwa sababu, kwa maneno ya Bibi, mtu hawezi kumshukuru Mungu kwa mbavu tupu.

Nilikuwa nimesimama karibu nao, Shabani mgongoni, Bibi alipokuwa anamwonya Mjomba.

"Utachinja wewe na utachuna wewe. Lakini usije na haraka zako za baharini. Mifupa ya akika haivunjwi."

"Najua, Mama."

"Unajua kusema unajua. Unapita kwenye viungo, kiungo kwa kiungo. Mifupa ya kondoo ikitoka salama, na mifupa ya mtoto itakuwa salama."

Mtu mzima akisikia maneno kama hayo anayaweka kwenye kapu la dua na heri. Mimi niliyasikia kama habari. Nilielewa, na nilishangaa kwamba hakuna aliyenieleza mapema, kuwa mifupa ya Shabani ilikuwa ndani ya kondoo yule. Ndiyo maana hakusimama. Angesimama kwa mifupa gani? Ilikuwa Lindi muda wote huo, Mjomba amechelewa kuileta. Na sasa imefika ikiwa imekonda, kwa hiyo ilitakiwa kulishwa.

Bibi akanigeukia. "Mke mwenzangu, huyu ni wako. Kulisha, kunywesha, kufagia banda. Shika kwa mikono yote miwili. Mtoto utakuwa unamweka chini, kondoo halishwi na mtu mwenye mzigo mgongoni."

Nikamfungua Shabani, nikamweka chini. Sikuumia. Nilikuwa ninamwacha yeye ili nikaishughulikie mifupa yake.

Wale mliokua na mifugo mnajua kwamba kulisha mnyama kiangazi ni kazi iliyoanza zamani, mvua ikiwa bado inanyesha. Bibi alikuwa amekata nyasi masika yalipokatika, zikianza tu kutoa vichwa, kabla hazijageuka vijiti. Alizianika, akazigeuza kwa uma wa mti mpaka zikawa kavu lakini bado za kijani, akazifunga matita na kuyapandisha kichanjani. Yaliyobaki ni majani ya jamii ya kunde, na hayo ndiyo aliyonifundisha. Karanga zikichumwa, mashina yake hayatupwi. Choroko, vivyo hivyo. Kunde, baada ya kuchuma zilizokauka, tulizing'oa alfajiri umande ukiwa bado juu yake.

"Kwa nini asubuhi hivi, Bibi?" nilimuuliza siku ya kwanza, nikiwa ninatetemeka shambani.

"Kwa sababu kunde ikishapigwa na jua ina hasira. Ukiigusa inamwaga majani yote, unarudi nyumbani na mifupa yake tu."

Nilishika sana neno lile la mifupa. Kila kitu msimu ule kilikuwa kinazungumza na mimi habari ya mifupa.

Banda lilikuwa na mkeka chakavu wa kuchanganyia. Tunashusha mikono miwili ya nyasi, tunaweka mkono mmoja wa kunde au karanga, Bibi anakatakata kwa panga juu ya gogo, mimi ninageuza kwa vidole. Ilibidi kukata fupi, kwa sababu kondoo yule alikuwa na akili ya mtoto mbele ya sahani: ukimpa marefu anachagua majani ya kunde, anaacha nyasi. Kisha maji ya chumvi. Baba yetu alikuwa akifanya kazi kwenye mashamba ya chumvi huko pwani, akija nyumbani anakuja na chumvi ya mawe kwenye kitambaa, na Bibi aliiyeyusha kidogo na kunyunyiza kwa kifuu. Harufu ilibadilika pale pale. Nyasi zilizokuwa zimelala kimya ziliamka. Kondoo alianza kulia kule kwenye kona kabla hatujaujaza na kuunyanyua ule wavu wa Mjomba, ambao Bibi aliushona ukawa mfuko wa chakula.

Mimi nilitaka kumpa kunde tupu. Ilikuwa wazi kwangu kwamba kunde ndiyo inayojenga, nyasi ni kujaza tu, na mtoto wa watu alikuwa amekaa uani anasubiri.

"Kunde tupu itamvimbisha tumbo kama ngoma," Bibi alisema. "Tutamzika badala ya kumchinja."

"Basi nusu kwa nusu."

"Wewe unakula mboga bila ugali?"

"Sili."

"Nyasi ni ugali wake. Kunde ni mboga. Mtu mwenye adabu anaanza na ugali." Akaongeza konzi moja ya kunde hata hivyo, alipoona uso wangu. "Haya, hiyo ni nyama ya wageni."

Juu ya mchanganyiko aliweka kila siku maganda makavu ya mbaazi na kunde yaliyokuwa bado na punje moja mbili ndani. Wavu ukitikiswa, yale maganda yalilia kama kayamba. Shabani aliposikia sauti ile aligeuza kichwa kutoka alipokaa, na macho yake, ambayo kwa kawaida hayakuwa na shida na mtu, yakapata shida.

Kamba ilikuwa imefungwa kwenye boriti, na Bibi aliipiga vitanzi kuanzia juu mpaka chini. Shingo ya wavu ilikuwa na kulabu ya mti, unaitundika kwenye kitanzi unachotaka. Tangu mwanzo niliona kwamba Bibi alikuwa amekosea. Aliutundika wavu kitanzi cha chini kabisa, ukawa umekaa sakafuni. Kondoo hali hapo. Alipiga magoti, akakanyaga, akatapanya chakula chote, na siku ya pili nilisikia kilio chake nikiwa kisimani. Nilitupa ndoo, nikakimbia bandani. Mguu wake wa mbele ulikuwa umeingia ndani ya tundu la wavu, ameuvuta mpaka uzi umekaza, anaruka kwa mitatu.

Sijui kama nimewahi kuogopa tena kwa namna ile. Nilimwona Shabani ameketi kando, anatazama, na niliuona mguu wa kondoo ule mwembamba unapindika, na katika akili yangu mguu wake na wa Shabani ulikuwa mguu mmoja. Nilipiga kelele mpaka Bibi akaja na mikono yenye unga. Alimlaza kondoo kwa goti, akautoa mguu taratibu, akaukanda kuanzia juu kwenda chini.

"Umevunjika?" nilimuuliza.

"Haujavunjika."

"Kabisa?"

"Kabisa. Mbona wewe ndiye unayechechemea?"

Nilikuwa ninachechemea kweli, nilijigonga kwenye ndoo. Lakini kilichonikasirisha ni kesho yake. Baada ya yote yale, Bibi aliutundika wavu pale pale chini. Tofauti pekee ni kwamba alimfunga kondoo kwenye kona yake, akamchukua Shabani, akamweka mbele ya wavu, na yeye akakaa pembeni na choroko zake za kuchambua. Kondoo analia, chakula kiko mbali, mtoto anatikisa maganda na kucheka. Baadaye sana ndipo alipoupandisha wavu na kumfungulia mwenye chakula.

Nikaamua Bibi amezeeka. Nilikuwa nimesikia kwamba wazee wanafika mahali wanasahau mambo, nikaona ndio huu mwanzo, amesahau kondoo ana urefu gani. Kwa upendo mkubwa, bila kumwaibisha, kila alipogeuka niliuhamisha wavu kitanzi cha juu. Akigeuka tena, aliushusha. Vita ile haikuwa na maneno kwa siku kadhaa, mpaka akanishika mkono ukiwa kwenye kulabu.

"Mke mwenzangu. Ukikigusa tena kitanzi hicho nitakufunga wewe pale kwenye kona, na kondoo atakwenda kisimani."

Nikamwacha. Nikaweka nguvu zangu kwenye majani. Nilikuwa ninaamka kabla ya Mama kwenda kung'oa kunde, nilijua kwa kidole tita lililokauka vizuri na lile lenye unyevu ndani ambalo lingeota ukungu, nilijua kumwagia chumvi ya kutosha na si zaidi. Mbavu za kondoo zilianza kupotea. Mkia wake ukajaa, ukawa unatikisika nyuma kama mto wa kulalia. Na nilipompapasa miguuni, jioni baada ya jioni, nilihisi mifupa minene, iliyonyooka, inayojua kazi. Nikamwambia Mama kwamba mambo yanaendelea vizuri. Aliniuliza mambo gani, nikamwambia ataona.

Shabani naye akawa anabadilika, na mimi sikushangaa hata kidogo, nilikuwa ninalinganisha tu. Kondoo alipoanza kushiba, Shabani alianza kupiga magoti mbele ya wavu. Tulipoanza kuongeza majani ya mbaazi kwenye mchanganyiko, Shabani aliupata wavu kwa mikono miwili na kujivuta, makalio yakaacha ardhi, yakarudi. Bibi alikuwa anaupandisha wavu kitanzi kimoja, siku chache, kingine. Nikaona afadhali, fahamu zinamrudia.

Siku yenyewe nilikuwa ninatoka kisimani. Niliweka ndoo mlangoni mwa banda na kuingia na maneno mdomoni, nimeyasahau yalikuwa maneno gani. Shabani alikuwa amesimama. Alikuwa ameushika wavu juu ya kichwa chake, vidole vimeingia kwenye matundu, miguu imepanuka kama ya mtu aliye ndani ya ngalawa, na tumbo lake lote mbele. Alitikisa. Maganda yakalia. Vumbi la kunde likamwagikia usoni, akapiga chafya, hakuanguka.

Bibi alikuwa pale pale na ungo wake. Aliweka kidole mdomoni.

"Nyamaza," alisema chini chini. "Mume wangu yuko kazini."

Tulimtazama. Aliachia mkono mmoja. Akageuka kutuona, akaachia wa pili kwa kusahau, akapiga hatua ambayo haikuwa hatua bali kuanguka kulikobadili mawazo, na nyingine, na akafika kwenye goti la Bibi. Bibi alimshika kichwa akakibana kifuani, uso wake ukawa siuoni. Kisha akaita kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayeomba chumvi kwa jirani.

"Esha. Njoo ulichukue gunia lako, linazurura."

Mama alikuja na mchi mkononi. Hakumnyanyua. Alikaa chini, pale penye vumbi na mbolea, akanyoosha miguu, akaacha mtoto amjie. Mimi nilikwenda kwenye kona, nikamshukuru kondoo.

Akika ilifanyika kabla ya mvua kuanza. Nilimlisha mchanganyiko wa mwisho, nikampa chumvi kiganjani, ulimi wake ulikuwa na joto na mkwaruzo. Nililia kidogo, nisiseme uongo, lakini kilio changu kilikuwa cha mtu anayemsindikiza msafiri anayekwenda kwao. Mifupa ilikuwa inahamia nyumbani. Kazi yangu iliyobaki ilikuwa kuhakikisha inafika salama.

Kwa hiyo, Mjomba alipoanza kuchuna chini ya kibanda cha jikoni, mimi nilikuwa nimechuchumaa karibu na beseni, sitoki.

"Huyu mtoto ni bwana afya?" Mjomba aliuliza.

"Hicho si kiungo," nilimwambia.

"Najua si kiungo."

"Kiungo kiko hapo juu."

"Bibi yako amekutuma?" Alicheka, akamgeukia mwenziwe kumsimulia habari ya mashine ya boti iliyomzimikia mwambani, na mikono yake ikawa inafanya kazi bila yeye. Aliupinda mguu wa nyuma. Nikausikia. Ulikuwa mlio mdogo, mkavu, kama wa kijiti cha kunde.

Watu wote walionyamaza walinyamaza kwa sababu ya adabu. Mimi nilinyamaza kwa sababu nilikuwa ninasikiliza kama kuna mtu aliyeanguka uani. Kisha nikakimbia. Nilipita kati ya miguu ya wageni, kati ya sinia, nikazunguka nyumba, na nikamkuta nyuma kabisa, konzi ya pilau mkononi, anamfuata kuku. Anatembea. Nilimkamata, nikaushika mguu wake mmoja nikaukanda kuanzia juu kwenda chini, kama Bibi alivyofanya, nikashika wa pili.

"Sitaki," alisema, akajinasua, akaendelea na kuku.

Bibi alikuwa amenifuata. Nyuma yake, mwalimu wa madrasa alikuwa akimtuliza Mjomba kwamba jambo lile ni adabu tu, si lazima, akika imekubalika inshallah, na Mjomba apunguze habari za mashine.

"Mfupa umevunjika," nilimwambia Bibi, "na hajaanguka."

"Nimeona."

"Kwa hiyo mifupa yake ni yake?"

Bibi alinitazama kwa muda. Nadhani ndipo alipoelewa nilikuwa ninalisha nini miezi yote ile. Midomo yake ilicheza, akaizuia, na hilo ni moja ya mambo ninayomshukuru, kwamba aliizuia.

"Ni yake," alisema. "Tangu alipozaliwa."

"Sasa kondoo alikuwa wa nini?"

"Wa kushukuru," alisema. "Na wa kukupa kazi. Njoo ule."

Nikaenda kula. Nilikula kwa furaha kubwa, kwa sababu mfupa unaoweza kuvunjika bila mtu kuanguka ni mfupa usiohitaji kulindwa tena na mtoto. Na hadithi hiyo niliisimulia miaka yote kama kichekesho changu mwenyewe: mtoto wa kike aliyedhani analisha mifupa ya mdogo wake kwa nyasi na kunde. Nilimsimulia Shabani mwenyewe mara nyingi. Sikuwahi kurudi kwenye yale maneno ya Bibi, kwamba kondoo alikuwa wa kunipa kazi, kuyatazama.

Asubuhi ile bandani, Shabani alikuwa amefika kwenye boriti ya katikati. Siku hizi yeye ni fundi wa kupaua. Anatembea juu ya kenchi za nyumba za watu kama wengine tunavyotembea barazani, na ndani ya banda la Bibi ilibidi ainamishe kichwa. Kamba ilikuwa bado inaning'inia, imekauka, na vitanzi vyake vyote. Wavu haukuwepo. Alivifuata vitanzi kwa macho kutoka juu mpaka chini, akakigusa cha mwisho kwa ncha ya kiatu.

"Dada. Hapa alikuwa anakula mnyama gani? Kasa?"

Nilikuwa nimefungua mdomo kumweleza habari ya Bibi kuzeeka. Mama alikuwa mlangoni, amekuja kuulizia ungo mkubwa. Alikitazama kile kitanzi, na uso wake ukalainika.

"Hapo hakula kondoo," alisema. "Hapo ulikula wewe."

Tukamgeukia wote wawili.

"Nesi alisema mtoto hana ugonjwa, hana sababu ya kusimama tu. Kila anachokitaka kinamfuata alipo. Alisema mwacheni chini, mtafutieni kitu anachokipenda, muwe mnakisogeza juu kidogo kidogo." Aliingia, akaukuta ungo nyuma ya mlango, akaanza kuufuta vumbi kwa upindo wa kanga. "Sasa wewe ulikuwa unapenda yale maganda yanayolia."

"Na akika?" niliuliza.

"Akika ilikuwa ya kweli. Kondoo angekuja tu siku moja. Bibi yenu alimwahisha."

"Kwa nini hamkuniambia?"

Mama aliacha kufuta. "Tukuambie nini? Tukuambie usimbebe? Ungelia mpaka Mtama wakusikie. Ulikuwa humweki chini, mwanangu. Ulikuwa unalala na kanga begani. Bibi yenu akasema, huyu hawezi kunyang'anywa, apewe kingine cha kushika."

Akatoka na ungo wake. Tulimsikia akimwambia Bi Esha, mzee sana sasa, kwamba umepatikana.

Nilibaki nimeshika kamba. Nilikuwa ninakumbuka uzito wa matita, mikono yangu midogo iliyojaa nyasi, chumvi kwenye vidole, kunde zenye umande kifuani ambazo ilibidi kuzibeba kama mtoto ili zisimwage majani. Mikono yote miwili, Bibi alisema. Nilifurahi sana msimu ule. Hakuna siku niliyohisi kwamba nimepokonywa kitu.

Shabani alivua kofia yake, akanigeuzia mgongo, akachuchumaa pale kwenye vumbi la kunde.

"Haya dada," alisema. "Zamu yangu."

"Utaniangusha."

"Panda."

Nikavua viatu, nikapanda, mikono shingoni mwake kama alivyokuwa akinishika mimi. Nilitazama kama ataushika ukuta, au nguzo, au ile kamba iliyokuwa karibu na mkono wake. Akasimama, bila kushika kitu.